Nusu Saa Isiyokatizwa

Ilikuwa siku ya Jumatano, tarehe thelathini na moja, mwezi wa Juni, mwaka wa kumi na tisa wa Utulivu. Msomaji aliyezoea Juni ya siku thelathini asidhani kuwa hapa pamekosewa. Katika nchi inayosimuliwa, sikukuu za Serikali zilikuwa zimeijaza kalenda nzima, na ilipotakiwa nafasi ya Sikukuu ya Hewa Safi, nafasi haikupatikana. Bunge likakaa, likaongeza siku moja katika mwezi wa Juni, na wabunge wakapiga makofi hadi viganja vikawawasha. Wananchi waliambiwa kwamba kwa siku hiyo moja watakuwa wameishi zaidi ya mataifa mengine yote, nao wakashukuru.

Siku hiyo Bibi Siwema binti Ngoda, dereva wa lori la mitungi ya oksijeni, alipewa kitu ambacho alikuwa amekiomba kwa unyenyekevu mkubwa kuliko alivyowahi kuomba kitu chochote kwa wanadamu. Alipewa nusu saa ya kuendesha gari bila kusimama. Ili ieleweke kwa nini mwanamke mtu mzima, mjane, aliyeendesha malori ya taka ya manispaa tangu binti yake angali ananyonya, aililie nusu saa, inabidi turudi nyuma mpaka asubuhi ile lori lilipowasili.

Lori lilikuwa zawadi kutoka nchi rafiki, ambayo kwa unyenyekevu wake haikutaka jina lake litajwe popote isipokuwa kwenye mabango, kwenye fulana, na kwenye milango yote miwili ya lori. Lilikuwa jeupe. Uwanja ulijaa watu. Fundi mkuu wa nchi rafiki alipanda jukwaani, na mkalimani akayatafsiri maneno yake kwa ufasaha, kila mtu akasikia.

"Ndani ya bomba la moshi la lori hili mna chujio," alisema. "Kazi yake ni kuyanasa masizi ya dizeli ili watu wasiyavute vifuani. Chujio likijaa, hujichoma lenyewe likawa safi, mradi lori liende kwa mwendo mzuri, katika barabara ndefu, kwa muda wa nusu saa, bila kuzimwa. Lakini mkiliendesha katika safari fupifupi za mjini tu, na kila linapoanza kujisafisha mkawa mnalizima, masizi yatazidi. Taa itawaka kuwaonya. Mkiipuuza, mwisho wake injini itakataa kuvuta, ili isijiue."

Watu walishangilia sana. Bendi ilipiga. Kisha akasimama Waziri wa Hewa, Mheshimiwa Daktari Mwinyipembe, mtu mpole, mwembamba, ambaye shahada yake ya juu kabisa aliipata kwa kuusoma moshi.

"Tumesikia, tumeelewa, na tumefurahi!" alisema Waziri. "Lori hili halitoi moshi. Na sababu yake mnaijua. Halitoi moshi kwa kuwa limeingia katika nchi ambayo Mlezi Mkuu, baba yetu, amekwisha kuondoa kila kinachofuka!"

Wiki hiyohiyo malori ya zamani ya hospitali, yaliyokuwa yakitoa moshi mweusi lakini yakifika, yalikusanywa na kuyeyushwa. Chuma chake kilifinyangwa kuwa sanamu kubwa ya mapafu mawili, ikasimamishwa mbele ya Wizara. Sanamu ilikuwa nzuri. Wageni walipiga picha mbele yake wakiwa wamevuta pumzi.

Siwema akapewa ufunguo wa lori jeupe. Kazi yake ilikuwa kuchukua mitungi iliyojaa kiwandani na kuifikisha Hospitali ya Walezi, kisha kurudisha mitupu. Umbali ulikuwa mfupi kiasi kwamba mtu angeanza kumenya chungwa kwenye lango la kiwanda na kulimaliza kwenye lango la hospitali, na mbegu bado ziko mdomoni. Hospitalini hapakuwa na akiba, maana stoo ya mitungi ilikuwa imegeuzwa kuwa Chumba cha Kumtafakari Mlezi Mkuu, chenye zulia na kiti kimoja kisichokaliwa. Kwa hiyo Siwema alikwenda na kurudi kutwa, na watu wakamwita Mama Pumzi.

* * *

Katika nchi ile palikuwa na ada iliyoitwa Kuzima kwa Heshima. Ilianza siku ambayo Mlezi Mkuu, akipita mjini, aliteremsha kioo cha gari lake na kuwasalimu watu waliosimama penye mzunguko. Lori la saruji lilikuwa likinguruma karibu, hivyo salamu haikusikika na hakuna aliyeitikia. Mlezi Mkuu alirudi nyumbani akiwa amevunjika moyo. Redio ilitangaza kwa huzuni kwamba hakugusa chakula hadi alipoletewa kingine. Kesho yake ikatoka amri kwamba kila msafara wake unapopita, injini yoyote iliyo karibu izimwe, ili kuwe na utulivu wa kupokea salamu.

Mwanzoni msafara ulipita asubuhi na jioni. Halafu Mlezi Mkuu akaenda nchi za nje kupumzisha kifua chake katika milima yenye hewa nzuri, na washauri wake wakaingiwa na wasiwasi kwamba wananchi watajihisi yatima. Wakaona ni vema msafara uzidishwe. Basi ukawa unapita asubuhi, saa za chai, adhuhuri, alasiri na jioni, ving'ora vikilia, vioo vyeusi vimepandishwa, ndani hamna mtu. Kila mmoja alijua kwamba hamna mtu. Kila mmoja alizima. Wizara ya Heshima ilieleza kwamba heshima ya kweli haichungulii dirishani kutazama nani yumo.

Pale mzungukoni, katikati ya kiwanda na hospitali, alisimama Koplo Mdoe wa usalama barabarani, kijana mrefu mwenye glavu nyeupe, aliyelelewa mtaa mmoja na Mashavu, binti wa Siwema.

"Shikamoo, Mama Mashavu."

"Marahaba, baba. Wanapita tena? Si wamepita sasa hivi?"

"Mimi kazi yangu ni kuinua mkono, mama. Kuhesabu kuna kitengo chake."

"Chujio langu lilikuwa limeanza kujichoma, Mdoe. Hebu nusa. Linanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya kanga. Likiachwa litamaliza."

"Ninalinusa. Zima, mama."

"Lakini mle hamna mtu!"

"Sijasema yumo. Nimesema zima."

Mwenye bajaji mmoja aliyekuwa ubavuni akachomoza kichwa. "Mama Pumzi, zima bwana, usituponze! Mimi yangu naizima hata nikisikia mbuzi analia. Siku hizi sitaki kubahatisha."

Watu wakacheka. Siwema naye akacheka, akazima. Msafara ukapita. Akawasha, akaenda zake hospitalini, na harufu ya chuma cha moto ikawa imepotea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku. Chujio lilianza kujisafisha, msafara ukapita, chujio likaachia njiani.

Haukupita muda mrefu, taa ya njano ikawaka. Siwema akaripoti kama alivyofundishwa. Akaletewa Mkaguzi wa Dashibodi, ambaye aliitazama taa kwa masikitiko, akafungua mkoba, akatoa kibandiko chenye picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu, akaifunika.

"Taa ya njano hushusha ari ya dereva," alieleza. "Sasa unajisikiaje?"

"Lori bado ni lilelile, bwana mkaguzi."

"Nimeuliza wewe, mama, sikuuliza lori."

Ilipowaka taa nyekundu, alirudi na kibandiko kikubwa zaidi. Mwishowe Siwema hakuona tena kipimo chochote. Mlezi Mkuu alimtabasamia kutoka penye mafuta, kutoka penye joto na kutoka penye mwendo. Akabaki kulisoma lori kwa unyayo wa mguu wa kulia, jinsi mtu anavyomsikiliza mgonjwa aliyenyamaza, na unyayo ulimwambia kwamba lori linachoka. Kile kilima kifupi cha kupandia hospitalini, ambacho zamani lilikipanda likiimba, sasa lilikipanda kwa kuburuza.

* * *

Ndipo Mashavu, binti yake wa pekee, alipojifungua kabla ya miezi kutimia.

Mtoto alikuwa njiti, msichana, mdogo hata Siwema alipomwona mara ya kwanza aliogopa kumtazama kwa macho yote mawili. Aliwekwa katika kisanduku cha kioo, na mrija mwembamba ukampelekea hewa kutoka kwenye mtungi uliosimama ukutani. Siwema aliutambua mtungi. Alikuwa ameuleta mwenyewe, na alikumbuka ulipokwaruzika.

"Anafanana na nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Na wewe," alisema Mashavu kutoka kitandani. "Mtazame anavyokunja uso. Kama wewe ukiusubiri msafara upite."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu walioomba ruhusa. Kisha Mashavu akamshika mama yake mkono.

"Mama, unajua nikilisikia lori lako linapanda kilima ndipo ninapolala? Nisipolisikia silali."

"Utalisikia, mwanangu."

"Jana lilichelewa kupanda. Nilidhani limesimama."

"Lilikuwa linapumzika tu."

Hilo halikuwa kweli, na wote wawili walijua. Lilikuwa limekwama katikati ya kilima, na ndugu wa wagonjwa wakateremka kuishusha mitungi na kuibeba mabegani. Sista Bupe, muuguzi mkuu wa wodi ya njiti, mwanamke mnene aliyekwenda upesi kuliko wembamba wote, alimsindikiza Siwema mpaka mlangoni.

"Mama Mashavu, nikuambie ukweli. Humu ndani hakuna mtoto hata mmoja anayeweza kusubiri. Lori hilo litavuta mpaka lini?"

"Likipata nusu saa, Sista, litavuta miaka. Likikosa, halimalizi wiki hii."

"Basi katafute hiyo nusu saa. Kwani ni kitu gani? Watu humu nchini wanapoteza miaka."

* * *

Siwema alivaa gauni lake la Idi, akaenda kumwona Waziri wa Hewa. Alikuwa amejiandaa kumweleza jambo zima tangu mwanzo, polepole, kama kwa mtu asiyejua. Haikuhitajika. Waziri alijua.

"Kaa, mama, kaa," alisema Daktari Mwinyipembe, na kwa kidole chake akachora juu ya vumbi la meza. "Chujio lako liko hivi, kama sega la nyuki. Masizi huingia hapa, yakakwama hapa. Ili yaungue, lazima moshi wenyewe uwe wa moto sana, na moshi hauwi wa moto katika safari za kumenya chungwa. Kila ulipozima, yaliyoungua nusu yaligandamana, yakawa magumu zaidi. Sasa tundu nyingi zimeziba. Injini inapumua kwa shida, kama mtu aliyefungwa kitambaa puani. Nikikisia vizuri, kilima cha hospitali kimekwisha kukushinda."

Siwema alimtazama kwa mshangao. Hakuna aliyewahi kumwelewa namna ile.

"Ndivyo hasa, Mheshimiwa. Basi nipe barabara. Nchi hii ina barabara moja tu ndefu na nyoofu, nayo ni ya Mlezi Mkuu, kutoka Ikulu mpaka uwanja wa ndege. Ni tupu. Nipe nusu saa moja tu ya barabara ile."

Waziri alifuta mchoro wake kwa kiganja.

"Hapo ndipo penye ugumu, mama. Ukienda kuchoma masizi, utakuwa umekiri kwamba masizi yapo. Nayo yalifutwa mwaka juzi kwa Azimio. Azimio lile nililiandika mimi. Lina lugha nzuri sana."

"Mheshimiwa, mjukuu wangu yuko katika wodi ya njiti."

Waziri alikuwa mtu wa huruma, na msomaji asifikiri vinginevyo. Macho yake yalilowa, akayafuta kwa leso iliyopambwa kwa alama ya mapafu. Alisimama, akazunguka chumba, akarudi ameng'aa.

"Sikiliza. Tarehe thelathini na moja Juni tunaadhimisha Hewa Safi. Nitasema lori lako ni maonyesho. Litapita Barabara ya Mlezi Mkuu, kutoka Ikulu mpaka uwanja wa ndege, kisha lirudi. Tutaliita Lori Lisilo na Moshi. Hatutachoma masizi yoyote. Kama yataungua yenyewe, hayo ni yake."

"Na msafara, Mheshimiwa?"

"Siku hiyo msafara haupiti. Nitauliza mwenyewe."

Aliuliza kweli. Aliambiwa haupiti. Siwema alikunja goti, akaishukuru Serikali, akatoka kwa furaha. Alipompasha Mashavu habari, Mashavu aligeukia kisanduku cha kioo akasema, "Umesikia, bibi yako kapewa barabara ya Ikulu? Keti vizuri, wewe." Mtoto hakuweza kuketi, lakini alipiga teke moja, nao wakalihesabu kuwa jibu.

* * *

Kamati ya Sikukuu ilifanya kazi yake kwa bidii iliyopita kiasi. Iliona kwamba lori tupu halitapendeza machoni mwa mabalozi. Kwa hiyo iliichukua mitungi yote iliyokuwa tayari kiwandani, ikaifunga utepe mweupe, ikaipanga juu ya lori mbele ya Ikulu, ikatoa amri kwamba isiguswe hadi maonyesho yatakapokwisha. Kiwanda chenyewe kilifungwa, kwa sababu wafanyakazi wake wote walihitajika uwanjani kuishangilia hewa. Wodini palibaki mitungi ya kufikia adhuhuri.

"Siyo mbaya," Siwema alimwambia Sista Bupe kwa simu. "Ninaondoka asubuhi. Nusu saa ya kwenda, nusu saa ya kurudi, nakuja kwako moja kwa moja, na kilima nitakipanda naimba."

"Tunakusubiri, mama. Mwanao ameomba asogezwe dirishani."

Koplo Mdoe alipangiwa kukaa kiti cha pembeni na kushika bendera. Alikuwa amepiga pasi hata kola ya ndani. Lori liliondoka polepole, kama mzee anayeinuka mkekani, na kwa dakika za mwanzo Siwema alidhani halitaweza. Lakini barabara ile ilikuwa tambarare na laini kama meza ya waziri, haina shimo, haina mbuzi, haina mtu. Lori likakusanya mwendo kidogo kidogo. Gia ikapanda, na nyingine ikapanda. Upepo ukaingia dirishani na utepe mweupe ukapiga juu ya mitungi.

Kisha ikaja ile harufu.

"Pasi juu ya kanga," alisema Mdoe.

"Umeikumbuka?"

"Mama, ile harufu nimeizimisha mara nyingi kuliko nilivyokula pilau. Nani ataacha kuikumbuka?"

Siwema alicheka kwa sauti, peke yake, kama msichana. Unyayo wake ulisikia injini ikifunguka. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa akizungumza kwa taabu na sasa koo linasafishika, neno kwa neno. Akamweleza Mdoe kwamba likifika kwenye nguzo zile za uwanja wa ndege litakuwa limemaliza, na kwamba baada ya hapo yeye mwenyewe atakipanda kilima cha hospitali na kukishuka na kukipanda tena bure, ili Mashavu alale.

"Na mimi unipeleke," alisema Mdoe. "Sijamwona mtoto. Mashavu alinipiga na mwiko utotoni, nataka nione kama binti naye ana mkono mzito."

"Atakupiga. Ngoja akue."

Nguzo za uwanja wa ndege zilikuwa zimeonekana waliposikia ving'ora.

Vilikuja kutoka mbele. Baadaye ilielezwa vizuri kabisa jinsi ilivyotokea. Wizara ya Hewa iliuliza kama msafara utapita, ikaambiwa haupiti, na jibu lilikuwa sahihi wakati lilipotolewa. Lakini asubuhi hiyo Wizara ya Heshima ilifikiri kwamba ni aibu lori lipite katika barabara ya Mlezi Mkuu siku ambayo Mlezi Mkuu mwenyewe hapiti. Ili kuondoa aibu hiyo, ikaona apite. Magari meusi yakatolewa uwanja wa ndege, yamefungwa vioo.

"Walisema hawapiti," alisema Mdoe, na bendera ikamlegea mkononi.

Msomaji, jambo lifuatalo lilikuwa dogo, nalo ndilo lenye uzito wote. Koplo Mdoe hakusema zima. Hakuinua mkono. Aliziona nguzo, akainusa harufu, akamfikiria mtoto ambaye hajamwona, akafungua kinywa chake ili kusema, kwa mara ya kwanza tangu avae glavu nyeupe, "Usizime, mama." Hakuna askari mwingine aliyekuwapo. Barabara ilikuwa pana. Magari meusi yangepita upande wao na lori jeupe upande wake, na hakuna kioo kimoja ambacho kingeteremka.

Lakini mkono wa Siwema ulikuwa umekwisha kufika kwenye ufunguo. Haukumngoja Mdoe wala Siwema mwenyewe. Ulikuwa mkono uliofundishwa vizuri. Uliliweka lori kando, ukazima.

Kukawa na utulivu wa kupokea salamu. Msafara ukapita, gari baada ya gari, na katika vioo vyeusi Siwema aliona uso wake mwenyewe ukipita, ukipita, ukipita.

"Nilitaka kusema usizime," alisema Mdoe.

"Sikukusikia."

"Sikuwahi."

Siwema aliwasha. Injini ilikubali kuwaka, ikakataa kuvuta. Alikanyaga mafuta hadi mwisho, na lori likaenda mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Fundi mkuu wa nchi rafiki alikuwa amelisema hilo waziwazi, mbele ya watu wote, na watu wote walishangilia.

* * *

Waligeuza. Njia yote ya kurudi mjini Mdoe alitembea pembeni ya lori, akipiga simu ya upepo. Alijibiwa kwa upole kwamba magari yote yako kwenye sikukuu na yatapatikana hotuba itakapokwisha. Barabara ile haikuruhusiwa gari lingine, kwa hiyo hakuna lingine lililopita. Jua lilipanda. Redio ya lori ilikuwa ikitangaza hotuba kutoka uwanjani, nayo haikuwa na kitufe cha kuzimia.

"Wananchi!" ilisikika sauti ya Daktari Mwinyipembe. "Nawaomba sote, kwa pamoja, kwa heshima ya siku hii, tuvute pumzi!"

Na Siwema akasikia, ndani ya lori lililojaa pumzi za watoto, taifa zima likivuta pumzi kwa pamoja, ndefu, hadi ndani.

"Tuitoe!" ilisema sauti.

Alikanyaga mafuta. Hayakuwa na la kufanya.

Adhuhuri ilipita wakiwa bado hawajaiona sanamu ya mapafu. Walipofika chini ya kilima cha hospitali, ndugu wa wagonjwa walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Hakuna aliyeuliza kitu. Waliishusha mitungi, wakakata utepe kwa meno, wakakimbia nayo. Watoto kadhaa waliwahiwa, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Siwema naye alibeba mtungi, akaupandisha kilima begani, akaingia nao wodini, na Sista Bupe akampokea kwa mikono miwili, polepole mno. Mtu aliyekwenda upesi siku zote alikuwa sasa anakwenda polepole. Siwema akaelewa.

"Tuliwagawia kwa zamu, mama," alisema Sista Bupe. "Mmoja akivuta, mwingine anasubiri. Wako alisubiri vizuri. Alisubiri mara nyingi."

Jioni alikuja Waziri, na shada la maua. Alikuwa amelia njiani. Alisimama karibu na kisanduku cha kioo kilicho kitupu, akaeleza kwa usahihi kabisa. Joto lilikuwa limefikia kiwango, masizi yalikuwa yameanza kuungua sawasawa, na zilibaki dakika chache tu. Alisema kwamba kisayansi lilikuwa jambo la kusikitisha sana. Kamati itaundwa. Msajili aliyefuatana naye alipata shida kidogo kuhusu sababu ya kifo, maana hewa ilikuwa imetangazwa asubuhi hiyo kuwa inatosha nchi nzima, na haikuwezekana mtu kufa kwa kuikosa. Akafikiri, akaandika, "Hakuzoea."

Walipoondoka, Mashavu alikuwa ameketi dirishani, upande wa kilima, mtoto amefunikwa kwa kanga mapajani mwake. Hakugeuka.

"Mama, walikusimamisha?"

Siwema angeweza kusema ndiyo. Mdoe, aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika kofia, alikuwa tayari kuubeba uongo huo; alikwisha kupiga hatua mbele ili aubebe.

"Hapana, mwanangu," alisema Siwema. "Hakuna aliyenisimamisha. Niliwaona, nikazima mwenyewe."

Mashavu aliutafuta mkono wa kulia wa mama yake bila kuutazama, akaupata, akaushika.

"Hata mimi ningezima," alisema.

Siwema, ambaye hakuwa amelia barabarani, wala kilimani, wala mbele ya Waziri, hapo ndipo alipoanza kulia.

Wewe uliyeisoma habari hii, usiifungie kabatini. Mpe jirani yako naye aisome. Kama hajui kusoma, keti naye umsomee polepole mpaka mwisho, kisha mwambie ampelekee mwingine.